Barua kwa mwanangu: Mana hailali

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na ile sauti uliyorekodi nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilimpa mama yako simu asikie naye, usikasirike. Unauliza uende wapi. Kuna ile mikutano ya jioni ya watu walioacha pombe, ambako kila mmoja hutaja jina lake na kusema kwamba yeye ni mlevi, kisha wanamtaja "Mungu kadiri tunavyomfahamu". Na kuna mchungaji wako, anayesema pepo wa pombe alishatoka siku ile ya mkesha, na ukizidi kujiita mlevi unamkaribisha arudi. Halafu mwishoni, kama mtu anayedai chenji yake, ukaongeza: "Basi, baba, nitumie yale maneno yako ya asubuhi, yale ya kwenye daftari."

Nianze na daftari. Lile la jalada jeusi uliloniona naliandika kila alfajiri halikuwa na maneno. Lilikuwa na mistari, mstari mmoja kwa siku, kama mahabusu anavyohesabu ukutani. Mama yako alilichana akawashia sigiri mwaka tulipohama landhi za reli, na sikumlaumu. Maneno yenyewe yalikuwa ya Babu Dirisha.

Ninyi ndio mliompa jina hilo, sidhani kama umesahau. Mnubi yule, mlinzi wa ghala, aliyekuwa akitoka msikitini baada ya swala ya alfajiri na taa yake ya chemli, anapita nyuma ya nyumba yetu, anagonga wavu wa dirisha kwa ufunguo. Tik, tik. "Umeamka?" Nasema nimeamka. "Basi leo hatunywi." Kisha anakwenda zake. Hakuna aya, hakuna nasaha, hakuna "pole, mwanangu". Ukichungulia unaona kanzu na taa vinaelekea mtaroni.

Hatunywi! Mzee ambaye hakuwahi kuonja hata povu la malwa, pombe yetu ya ulezi, maisha yake yote. Siku za mwanzo lilinikera neno hilo. Nilimwambia mama yako, huyu anajitia nini kwenye kiu isiyo yake? Ilinichukua miezi kuona kwamba angesema "leo usinywe" ningekunywa kabla ya saa nne, kwa hasira tu.

Alianza kuja baada ya zile siku tatu. Wewe ulipelekwa kwa shangazi, hukuziona, na nashukuru. Niliacha kwa ubishi, ghafla, kama mtu anavyovua kofia. Siku ya kwanza mikono ilitetemeka nikasema kawaida, nilizoea kuzimua asubuhi, leo sikuzimua. Usiku wa tatu niliona siafu wakishuka ukutani, nikawa nawapangusa kwenye shuka, na hapakuwa na siafu. Mama yako alimkimbilia mzee, nikapakiwa kwenye baiskeli, wawili wananishika huku na huku mpaka hospitali. Daktari alimfokea mama yako ingawa kosa halikuwa lake: mtu aliyekunywa miaka mingi akikata ghafla anaweza kupata degedege akafa, huyo huachishwa kwa dawa na kwa kuangaliwa. Kwa hiyo wewe ulipopitia hospitali ya Butabika kwanza ulifanya la maana, na mtu yeyote akikwambia funga siku tatu bila chakula pepo aishe nguvu, mwambie baba yangu alishaona siafu.

Mama yako ndiye aliyenisomea habari ya mana. Kutoka, sura ya 16. Waliambiwa waokote ya siku moja tu, walioweka akiba hadi kesho yake wakakuta imeingia mabuu na inanuka. Nilipomsimulia mzee akasema hata kwetu imo, mana na salwa, akashangaa mimi kushangaa. Tangu hapo ndilo neno langu, nanyi mmelichoka: mana hailali. Najua, najua, siku ya sita waliokota ya siku mbili na haikuoza, mama yako hakosi kunikumbusha. Lakini mlevi hana siku ya sita.

Sasa nikwambie lile ambalo sijawahi kukwambia, ingawa ulikuwepo.

Ilikuwa 1996, nilikuwa na mistari ya miezi saba. Binamu yangu alikufa, tukaenda matangani Nagongera. Unajua chungu cha malwa kinavyokaa pale katikati, wazee wamekizunguka na mirija yao mirefu, mama mmoja anaongeza maji ya moto. Mimi nilijiwekea kiti mbali, chini ya mwembe. Ikafika jioni, baridi, wakaniita nisogee kwenye moto. Mjomba aliufuta mrija wake kwa pindo la shati akanipitishia bila hata kunitazama, kama unavyompitishia mwenzako chumvi. Ningekuwa nimebishana naye ningeshinda. Lakini hakubishana nami, alinipa tu mrija. Kabla ya usiku wa manane nilikuwa kwenye waragi, ile pombe kali.

Sijui nani alinirudisha nyumbani. Alfajiri, tik, tik, "Umeamka?" Na nilikuwa macho, mwanangu. Laiti ningekuwa nimezimia. Nilikuwa macho kabisa, nimelala kifudifudi na viatu miguuni, nikaona umeketi kwenye mkeka wako unanitazama. Nikakupungia mkono hivi, nenda. Ulikuwa darasa la tatu. Ulipanda kwenye kigoda, ukaweka mdomo kwenye wavu, ukasema, "Babu, baba hayupo."

Kimya. Nilisikia taa yake ikigusa ukuta. Kisha akasema, kwa adabu ileile, "Sawa, mjukuu wangu. Basi mwambie huyo asiyekuwepo kwamba leo hatunywi."

Nawe, mtoto uliyefunzwa kufikisha salamu, ukashuka, ukaja hadi kitandani, ukanitolea ujumbe neno kwa neno: "Baba, umeambiwa leo hatunywi." Ukavaa sare ukaenda shule.

Sijawahi kukuuliza kama unakumbuka. Jibu la ndiyo linanitisha, na la hapana vilevile. Miaka yote uliyokuwa unakunywa nilikuwa nikijiambia kwamba ulijifunza asubuhi ile. Si kunywa, kusema sipo. Mwaka 2019 serikali ilipopiga marufuku zile sacheti za waragi ukanipigia ukicheka, "Baba, serikali imeniachisha," na haukupita mwezi nikaiona chupa ndogo ya plastiki kwenye mfuko wa koti lako. Sikusema kitu. Ningesema nini, mtu niliyemtuma mtoto dirishani?

Mama yako amechungulia hapa, anasema nazidisha, mtoto wa darasa la tatu hajui hata kama amedanganya. Labda. Pia ana lake la moyoni. Yeye ni Mlokole, bibi yake aliokoka katika ule uamsho wa miaka ya 1930, na kwa miaka kumi na mmoja Jumatano jioni walikusanyika sebuleni kwetu kuungama na kuimba, mimi nikiwa chumba cha nyuma na chupa. "Miaka kumi na mmoja nimepiga magoti," husema, "sifa anapewa mtu wa ufunguo." Ana haki. Nikimwambia Mungu ndiye aliyemtuma mzee na ufunguo wake, ananyamaza, lakini hajaridhika. Na mimi pia sijui kama najibu au namkwepa.

Kile kijitabu cha hao wa mikutano ulichosahau hapa Krismasi nimekisoma, mara mbili. Nilidhani nitakuta mambo ya kizungu. Nikakuta watu wawili walioianzisha, mmoja mfanyabiashara wa hisa, mwingine daktari wa upasuaji, wamekutana mji wa Akron kule Marekani mwaka 1935, na wote wamepitia kundi la Wakristo waliokuwa wakiungamana wao kwa wao, Oxford Group. Nikamwita mama yako: hii si Jumatano yenu? Alisoma, akasema, "Sisi tunamtaja Yesu kwa jina." Kweli. Ila aliendelea kusoma mpaka chai ikapoa.

Kilichonishika mimi ni yule daktari. Walishakutana, walishaombeana, naye akaenda mkutano wa madaktari Atlantic City, akarudi amelewa. Tarehe 10 Juni alitakiwa kumpasua mgonjwa, mikono inatetemeka, mwenzake akampa bia moja aitulize mikono. Bia hiyo ndiyo ya mwisho maishani mwake, na tarehe hiyo ndiyo wanayohesabu kuwa siku walipoanza. Hawakuchagua siku ya kukutana, yenye machozi na maombi. Walichagua kesho yake ya aibu. Nilifunga kijitabu nikatoka nje nikasimama kidogo.

Maana siku ile ya uongo wako niliinuka kitandani saa sita mchana, nikaenda ghalani kumtafuta mzee. Nilikuwa na hotuba. Alikuwa anakula mihogo kwenye sahani ya bati, akanisogezea sahani. Nikaanza, "Mzee, jana..." Akasema jana ilikuwa jana, kula. Kesho yake alfajiri, tik, tik. Na daftari nikalianza upya, mstari mmoja. Mana hailali hata ikiwa ya miezi saba.

Sasa wewe unangoja niseme: mikutano, au mchungaji. Nilipoketi kuandika nilikuwa na jibu. Kwamba mtu anayekuambia umepona kabisa amekunyang'anya dirisha, hana sababu ya kupita kesho. Hapo, nimelisema. Lakini mtaani kwetu kuna watu wawili waliombewa mara moja tu, miaka zaidi ya ishirini, hawajagusa tena, na mmoja wao ndiye fundi wangu wa baiskeli. Nitamwambia nini yule? Basi sisemi. Mchungaji wako simjui, na hao wa mikutano siwajui. Ulizia upande gani kuna mtu atakayekutafuta Jumanne ya mvua usipoonekana. Mama yako anasema hilo nalo ni jibu. Si jibu.

Mzee tulimzika 2004, ulikuja, ulisimama nyuma. Ule ufunguo wa ghala wanawe hawakuwa na haja nao, walinipa. Haufungui chochote sasa. Uko kwenye msumari juu ya redio.

Maneno ya kukutumia kwa mkupuo mmoja sina, ya wiki nzima yangeoza. Nimenunua dakika za mwezi. Kuanzia kesho nitapiga saa kumi na moja na nusu alfajiri, mama yako ameshaniwekea kengele kwenye simu kwa sababu mimi hiyo siiwezi. Haitachukua dakika. Nitauliza umeamka, utanijibu, nitasema lile la mzee, nitakata.

Simu usiiache mezani ukiwa unaoga. Na upokee wewe mwenyewe, asipokee mtoto.

Baba yako