Karatasi mbili za maabara, ipi ya kutisha?

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Dada'angu katolewa faibroidi, ule uvimbe wa kizazi, karatasi ya maabara imekuja imeandikwa Ki-67 asilimia 1. Mwezi huohuo ami yangu naye katolewa kitezi cha shingoni, parathairoidi, yake imeandikwa adenoma halafu chini saiklini D1 chanya. Kijana wetu mmoja kapekua kwenye simu akasema hiyo saiklini ni ya kansa, tangu hapo ami chakula hakipiti. Ndo kusema dada kapona na ami ndo basi tena? Msomaji, Wete.

JIBU: Waalaykumu salaam bibie. Kwanza mwambie ami ale. Neno kubwa kwenye karatasi yake ni adenoma, na adenoma ni uvimbe wa tezi usio kansa, hiyo chanya ya chini hailifuti neno la juu.

Hizo Ki-67 na saiklini D1 zote ni protini za seli inapojigawa. Ki-67, iliyojulikana mwaka 1983 huko Kiel, Ujerumani, inaonekana kwenye seli iliyomo katika kazi ya kujigawa, iliyopumzika haina, kwa hivyo maabara wanakipaka dawa kile kipande halafu wanahesabu viini vilivyoshika rangi ya kahawia. Kwa dada'ako katika seli 100 kimeshika kiini kimoja tu, na faibroidi nyingi ndo zilivyo, zinakua polepole. Lakini usiichukue hiyo 1 ukaenda kumpimia kila mtu, maana utumbo wako wewe mzima hivi sasa, pale chini kwenye vishimo vya ukuta wake, umejaa seli zenye Ki-67, kwa sababu utando wa ndani unabadilishwa kila baada ya siku chache, na wala huumwi! Hata faibroidi yenyewe haiamuliwi kuwa ni salama au la kwa Ki-67 peke yake, daktari anatazama sura ya viini, seli ngapi zinagawika na kama kuna sehemu iliyokufa.

Sasa ami. Saiklini D1 ndo inayoisukuma seli ianze kunakili DNA yake. Kijana wenu hakusema uongo, kwenye baadhi ya kansa za matiti inazidi kweli, ila simu haikumwambia kwamba jeni yake ilijulikana mwaka 1991 kupitia uvimbe uleule wa ami, wa parathairoidi usio kansa. Kwa baadhi ya watu wenye uvimbe huo, kromosomu ya 11 (uzi unaobeba jeni ndani ya seli) inakatika inajigeuza, ile sehemu inayowasha homoni ya tezi inaangukia karibu na jeni ya saiklini, basi tezi ikiwasha homoni na saiklini nayo inamwagika. Tezi inavimba, homoni yake inapandisha kalsiamu ya damu, lakini haiendi kuvamia kwengine.

Kwenye ngozi ndo kabisa utaona chanya sio lazima iwe ubaya. Vile vidoa vyeusi vilivyoinuka, vingi vina hitilafu ya jeni ya BRAF, ileile ya kansa ya melanoma, lakini protini ya p16 inapanda inashika breki, kidoa kinakaa miaka na miaka kimetulia. Hapo p16 ikiwa chanya ni heri.

Ami apimwe kalsiamu ya damu miezi 6 baada ya upasuaji, ikiwa sawa kapona. Dada damu ya mwezi ikizidi tena arudi apigwe altrasaundi, maana faibroidi nyengine huota. Na karatasi zote mbili zitunzwe, msizitupe.