Sio pati tu aisee

Dada umeuliza kama hizi sororiti (vyama vya wanafunzi wa kike) za vyuo vya Marekani zina kazi nyingine zaidi ya pati na kuvaa rangi moja. Zinayo, na haijaanza juzi. Chukua Alpha Kappa Alpha, ilianzishwa 1908 pale Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na wanafunzi wa kike weusi (hata Kamala Harris ni mwenzao). Kuanzia 1935 hadi 1942 walikua wanaenda jimbo la Mississippi kila kiangazi kutoa huduma za afya, Dk. Dorothy Ferebee akiwaongoza, sasa wenye mashamba wakagoma kuwaachia wakulima wao waende kliniki, basi akina dada wakapakia dawa kwenye magari yao wenyewe wakawafata hukohuko kwenye pamba, wanachanja watoto ndui na dondakoo, wanacheki meno, wanawafundisha akina mama mambo ya lishe, yani kliniki inatembea. Delta Sigma Theta nao, sororiti nyingine iliyoanzishwa 1913, kazi yao ya kwanza ya hadharani ilikua kuandamana Washington kudai wanawake wapige kura. Siku hizi utawakuta zaidi wanaandikisha wapigakura na kuchangia skolashipu. Pati zipo pia, tusidanganyane hapa 😂