Jibu: kinu cha mvuke cha zamani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kinu kile cha zamani nje ya Moshi kina dohani ndefu, na kama kikundi chenu kinaweza kukitumia tena. Dohani ni ya boila: kuni zilichemsha maji, mvuke ukasukuma pistoni, pistoni ikazungusha gurudumu zito la chuma, na mkanda ukapeleka nguvu hiyo kwenye mawe ya kusagia. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, kuleta mitambo mizito ya namna hiyo kulikuwa rahisi zaidi; baadaye dizeli, kisha umeme, vikaiondoa kazini, kwa sababu boila hula kuni tangu alfajiri kabla debe la kwanza la mahindi halijasagwa.

Jengo litumieni, hata kwa mashine ya umeme ya kusaga na kukoboa. Boila, kwa maoni yangu, ibaki ya maonyesho tu, kwani chuma kilicholiwa na kutu hakihimili shinikizo, na mkitaka kuiwasha ni lazima wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, waipime kwanza. Ile plasta nyeupe iliyoizunguka msiibandue wenyewe, maana huenda ina asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Bamba lenye jina la kiwanda na namba msiwauzie wanunuzi wa chuma chakavu. Ndilo litakalowaambia umri wa mtambo.