Ukianza filamu za Burma, usitazame peke yako

Watu wakijua ninavyopenda filamu za Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar, huniuliza waanzie wapi. Huwa nawaambia waanze na The Road to Mandalay ya mwaka 2016, na waitazame pamoja na mtu aliyewahi kwenda nchi za watu kutafuta kazi.

Mimi niliianza peke yangu, usiku, simu mkononi. Nikaiona inajikokota, nikaizima katikati. Baadaye mama mdogo akarudi kutoka Muscat, alikofanya kazi za ndani miaka 4, akakaa kwetu wiki 2. Jioni moja nikamwekea.

Mwanzoni msichana Lianqing anavushwa mpaka kwa magendo kuingia Thailand. Ndani ya gari kila mtu anakaa kwa kadiri alivyolipa, na aliyelipa kidogo anasafiri kwenye buti. Kijana Guo anamwachia kiti chake, anaingia yeye kwenye buti. Mimi niliona wema tu. Mama mdogo akasema, "Simamisha hapo, mwanangu. Hicho kiti atakuja kukidai." Sikuambii kama alikosea.

Tangu hapo nikawa naangalia anachokiangalia yeye: nani anahesabu pesa, nani anaulizwa makaratasi, msichana anaosha vyombo hadi saa ngapi. Zile dakika nilizoziona zinajikokota ndizo zilizobeba habari yote. Midi Z, aliyeiongoza, alizaliwa Lashio, kaskazini mwa jimbo la Shan huko Burma, akahamia Taiwani akiwa kijana. Watu wa aina hii anawajua.

Tumezoea sinema zilizotafsiriwa na madijei, lakini hizi utazipata na maandishi ya Kiingereza chini. Anayekijua ndiye mkalimani wa nyumba. Ushauri wangu: tafsiri maneno, usieleze picha. Kuna mahali Lianqing amebanwa, anahitaji pesa ya kulipia makaratasi, yuko chumbani na mteja. Badala ya mwanamume, tunaona kenge mkubwa anatambaa kitandani. Nikafungua mdomo kueleza. Mama mdogo akaninyooshea kiganja ninyamaze. Nani kati yetu anahitaji kuelezwa kenge ni mtu wa namna gani?

Ukimaliza hiyo, tafuta Midwives ya Snow Hnin Ei Hlaing (2022). Ni ya kweli, si ya kuigiza: mkunga Mbudha na mwanafunzi wake Mwislamu wa Kirohingya wanafanya kazi katika zahanati moja huko Rakhine, jimbo ambalo watu wa dini zao wametenganishwa kwa nguvu. Mkunga ana ulimi mkali, na mwanafunzi anaumia, lakini kesho yake anarudi kazini. Usiharakishe kuamua nani mwema. Mimi niliamua mapema, nikabadili mawazo mara 2.

Anayetaka kucheka aanze na Money Has Four Legs ya Maung Sun (2020), kuhusu mwongoza filamu anayesumbuliwa na wakaguzi wa serikali mpaka anafikiria kuiba benki. Ila ujue kwamba mtayarishaji wake, Ma Aeint, alikamatwa Juni 2021, miezi michache baada ya jeshi kupindua serikali, akahukumiwa miaka 3. Na mtengeneza filamu za kweli Shin Daewe alihukumiwa kifungo cha maisha Januari 2024 kwa sababu ya droni ya kupigia picha. Ndiyo maana nakusihi usipakue kopi za wizi. Lipia, hata kama ni kwa kuchanga watu 3, au subiri tamasha la filamu lizilete.

Za zamani zimebaki chache sana. Burma ilionyesha filamu yake ya kwanza ya hadithi tarehe 13 Oktoba 1920, lakini joto, unyevu na vita vimekula mikanda mingi. Mya Ga Naing ya mwaka 1934, filamu bubu, ilikarabatiwa mwaka 2016. Hiyo mwekee bibi au babu asiyeona maandishi madogo. Haina mazungumzo ya kukimbizana nayo.

Mama mdogo sasa yuko kwake Tanga. Juzi kanipigia, hata salamu hazijaisha, ananiuliza: yule mwanafunzi wa mkunga, zahanati yake mwenyewe aliifungua?