Kabla Hujaondoka Steshenari: Ushauri kwa Wanaoandika Tasnifu

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili, vitabu vingi nilivyovihitaji havikuruhusiwa kutoka nje ya maktaba zaidi ya saa mbili, kwa hiyo nilifanya walivyofanya wenzangu wote: nilikimbilia steshenari, nikatoa kopi ya sura niliyoitaka, nikakirudisha kitabu. Baada ya miezi minane bahasha yangu ya kaki ilikuwa na kopi zaidi ya 40. Wiki ya kuandaa marejeo ndipo nilipogundua kwamba nyingi hazikuwa na jalada wala ukurasa wa mchapishaji, na kwamba katika baadhi yake mashine ilikuwa imekata ukingo wa chini wa karatasi na kuondoka na namba za kurasa. Nilikuwa na maneno mazuri yasiyo na mwenyewe. Nilitumia siku nne kuwatafuta wenye maneno hayo, na kwa kuwa kitabu kimoja sikukipata tena, nililazimika kufuta aya nzima niliyokuwa nikijivunia.

Sasa nasimamia wanafunzi wa shahada ya kwanza, na jambo ninalowaambia hata kabla hatujajadili mada zao ni kwamba rejea huandikwa siku ya kusoma. Kabla hujaondoka steshenari, toa pia kopi ya ukurasa wenye jina la kitabu na ya ule ulio nyuma yake, wenye mwaka, toleo na mchapishaji, kisha hakikisha namba za kurasa zinasomeka. Anayesoma kwenye kompyuta naye asiliache faili na lile jina la tarakimu lililokuja nalo, bali alipe jina la mwandishi na mwaka palepale. Programu za kutunza marejeo, kama Zotero na Mendeley, zinasaidia sana, ila huandika kile zilichopewa, na majina yetu mara nyingi hufika humo la mwanzo likiwa mwisho na la mwisho likiwa mwanzo.

Karatasi hizo mbili za ziada huamua mambo ambayo kumbukumbu haiwezi kuyaamua. Niliwahi kupokea kazi iliyotoa fasili ya neno kutoka katika kamusi na kuandika "TATAKI (1981)". Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kweli mwaka 1981, lakini ilikuwa kazi ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; jina la TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili iliyochukua nafasi ya TUKI, lilikuja mwaka 2009. Nilimwomba mwanafunzi alete kitabu chenyewe, akaja na toleo la pili, la mwaka 2004. Kwa hiyo jina la taasisi alikuwa amelitoa kichwani, mwaka ameutoa katika orodha ya marejeo ya mtu mwingine, na kitabu alichokuwa amekishika mkononi hakikutajwa popote.

Simcheki, kwa sababu kunakili rejea za watu ndiko kulikoniaibisha mimi mwenyewe. Katika sura yangu ya kwanza niliandika kwamba kwa mujibu wa sensa ya 2012 Tanzania ilikuwa na watu 44,982,923, nikataja ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Msimamizi wangu aliizungushia tarakimu hiyo kalamu nyekundu na kuniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Ripoti hii umeifungua?" Sikuwa nimeifungua. Nilikuwa nimeichukua tarakimu pamoja na rejea yake kutoka katika tasnifu ya mtu aliyenitangulia, ambaye vidole vyake viliteleza: idadi sahihi ni 44,928,923, na mimi nikawa nimewaongeza Watanzania 54,000 kwa kubadilishana nafasi tarakimu mbili. Kama chanzo cha awali hakipatikani, andika wazi "kama alivyonukuliwa na", na katika orodha ya marejeo uweke kile ulichokisoma wewe.

Kosa lililo letu hasa, sisi tunaoandika kwa Kiswahili huku tukisoma kwa Kiingereza, ni tafsiri. Mwanafunzi huchukua aya ya makala ya Kiingereza, akaihamishia katika Kiswahili sentensi kwa sentensi, kisha akaamini kwa dhati kwamba sasa ni yake, kwa kuwa maneno yote ameyatafuta mwenyewe. Programu za kukagua ufanano kama Turnitin mara nyingi hazishtuki, lakini msomaji hushtuka. Katika tasnifu moja kuhusu utoro wa wanafunzi nilikutana na maelezo marefu ya majukumu ya "wilaya ya shule", na ilinibidi nisome mara mbili kabla sijatambua kwamba nipo Marekani, ambako wilaya ya aina hiyo ni chombo kinachojitegemea chenye bodi na bajeti yake. Kwetu wilaya ina shule, si ya shule. Mwandishi hakuwa mvivu, maana tafsiri ile ilimgharimu usiku kadhaa, lakini wazo, mpangilio na mifano vilikuwa vya mtu ambaye hakumtaja, na huo ni wizi wa kitaaluma hata kama kila neno ni la Kiswahili fasaha.

Namna ya kuepuka ni kusoma aya, kufunga kitabu, kuandika ulichokielewa kana kwamba unamweleza mwenzako, kisha kukifungua tena ili kuhakiki na kuongeza jina, mwaka na ukurasa. Ukitafsiri maneno ya mwandishi mwenyewe, mtindo wa APA wa kuandika marejeo huihesabu tafsiri yako kuwa maelezo na si nukuu, kwa hiyo haifungwi ndani ya alama za mtajo. Baadhi ya wasimamizi hupenda uongeze "tafsiri yangu" katika mabano, na hilo ni la kuuliza mapema. Kuhusu akili mnemba nitasema moja tu: usiiombe marejeo, kwani hubuni makala zenye majina ya waandishi wa kweli, mwaka na hata kurasa, ambazo hazikuandikwa kamwe.

Kabla kazi haijakwenda kujalidiwa, huwa nakaa na mwanafunzi mezani, yeye akisoma kila jina lililotajwa ndani ya sura, mimi nikiliwekea alama katika orodha. Zoezi hilo huchukua kama saa moja na nusu. Mara ya mwisho tulipata majina tisa yaliyotajwa ndani lakini hayamo katika orodha, na manne yaliyo katika orodha lakini hayakutajwa popote, mojawapo likiwa langu.