Taji la taifa la magari ya spoti Marekani lilianza 1951, si 1963

Hapana, ndugu, taji la taifa la mbio za magari ya spoti Marekani halikuanza 1963 kama unavyosema. Taji hilo lilianza kushindaniwa mwaka 1951 chini ya SCCA, chama cha magari ya spoti cha Marekani, na bingwa wake wa kwanza alikuwa John Fitch, yule yule ambaye baadaye alibuni mapipa ya mchanga yanayowekwa kando ya barabara kuu ili kupunguza nguvu ya gari linapogonga. Mwaka 1963 unaoutaja ni wa mfululizo mwingine wa mbio, USRRC, ambao SCCA iliuanzisha kwa ajili ya madereva wa kulipwa, na Bob Holbert akawa bingwa wake wa kwanza. Kinachowachanganya wengi ni kwamba chama ni kile kile, ilhali taji la 1951 lilikuwa la madereva wa ridhaa, wasiolipwa zawadi ya fedha, na liliendelea kuwapo hadi 1964 sambamba na hilo jipya.

Nimefuatilia historia hii kwa muda mrefu, na nasikitika kuona miaka ile ya mwanzo ikifutwa, kwani ndiyo iliyoshuhudia mbio zikiondolewa kwenye barabara za umma baada ya mtoto aliyekuwa akitazama kuuawa katika mbio za Watkins Glen, jimbo la New York, mwaka 1952, kisha Jenerali Curtis LeMay wa Jeshi la Anga la Marekani akaruhusu zifanyike kwenye viwanja vya ndege vya kijeshi.

Ila ukihesabu mataji ya kulipwa pekee, bado 1963 si mwanzo, maana USAC, chama kingine cha mbio za magari Marekani, ilikuwa na la kwake tangu 1958 hadi 1962.