Gari la umeme kwenye baridi kali: chunga joto kabla ya asilimia

Naulizwa sana kama gari la umeme linafaa sehemu zenye baridi ya ukweli, zile siku nyuzi 20 chini ya sifuri na theluji imejaa barabarani. Linafaa. Huu ni msimu wangu wa nne wa baridi nalo na silirudishi, ila ule wa kwanza niliteseka kwa sababu hakuna aliyenieleza mambo haya mapema.

Asubuhi moja nilitoka dashibodi inasema kilomita 310, gari limelala nje bila kuchomekwa, nikafungulia hita mpaka mwisho nikashika barabara kuu, kufika kilomita ya 170 zimebaki 40 tu na moyo unanienda mbio. Nikakimbilia chaja ya kasi nikijua nusu saa naondoka, gari likawa linapokea kilowati 22 wakati siku za joto linapita 100. Nilikaa pale karibu masaa mawili.

Sasa elewa hivi. Betri ya lithiamu ikipoa inakuwa nzito kufanya kazi, haitoi umeme vizuri na kupokea ndo kabisa, ukiilazimisha kuchaji kwa kasi ikiwa imeganda inaharibika ndani na haiponi, ndo maana kompyuta ya gari inabana umeme. Alafu kuna hita. Gari la mafuta injini yake inatupa joto jingi, lile linalokupasha ni la bure, lakini la umeme kila joto unalosikia limetoka kwenye betri ileile inayokusogeza.

Kwahiyo tabia ya kwanza, na kama utashika moja tu shika hii: ukifika nyumbani chomeka hapohapo, betri bado ina joto la barabarani, usisubiri ipoe usiku kucha. Alafu weka kwenye app saa ya kuondoka. Mi natoka saa moja asubuhi, kama nusu saa kabla gari linaanza kujipasha kwa umeme wa ukutani, nikitoka nje barafu ya kioo imeshalegea inateleza yenyewe chini ya waipa, siti ina joto, na betri sijaigusa.

Njiani tegemea joto la siti na usukani. Siti inakula wati 100 hivi au chini, wakati hita ya hewa mwanzoni inaweza kula kilowati 3 mpaka 5. Na safari fupifupi ndo zinamaliza chaji kuliko watu wanavyodhani, maana kila ukiwasha unapasha kabini upya, bora uunganishe shughuli zako kwenye mzunguko mmoja.

Ukienda chaja ya kasi iweke kwenye ramani ya gari lenyewe, magari mengi yakijua unaelekea kuchaji yanapasha betri njiani. Kawaida gari la umeme ukiachia pedali ya mwendo linajipunguza lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri, lakini asubuhi utaona halijipunguzi kama ulivyozoea, betri ya baridi haipokei vizuri umeme huo, kwahiyo mguu uwe tayari kwenye pedali ya breki. Upepo wa tairi nao unashuka, kagua. Mlango wa chaji ukiganda usiuvunje kwa bisibisi wala usimwagie maji ya moto, pasha gari kwanza.

Kama bado hujanunua, uliza kama lina pampu ya joto, yaani kifaa kinachovuta joto la hewa ya nje na kuliingiza kabini. Inakula umeme kidogo sana kuliko hita ya kawaida, japo baridi ikizidi faida yake inapungua.

Na ile hofu ya kukwama kwenye theluji usiku, naielewa kabisa. Kabini ikishapata joto, kulishikilia kunakula kilowati 1 mpaka 2, kwahiyo betri ya kilowati-saa 60 ikiwa nusu una kama masaa 15 au zaidi, tena hakuna ekzosi ya kuzibwa na theluji ikurudishie moshi ndani. Mi nyuma ya gari hakukosi blanketi na sepetu, na msimu wa baridi nikiona asilimia 30 natafuta chaja.